Turubai Langu Limekwenda Msibani

Jumamosi, Julai. Niko kwa mama, Njombe. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Leo nimekasirika, na ubaya ni kwamba sina wa kumkasirikia.

Wakati wa mvua lori la mbao lilipinduka kwenye kona iliyo juu ya kinyungu cha mama, ile bustani yake ya bondeni. Tangi likapasuka, dizeli ikateremka hadi kwenye matuta ya viazi. Majirani wakatushauri tuchome moto. Wengine wakasema tumwage sabuni. Bwana shamba akatupa njia ndefu: tuchimbe udongo wote unaonuka, tuurundike juu ya nailoni, tuchanganye na samadi na maranda, tuwe tunaugeuza kila wiki. Vijidudu vya kwenye samadi vitaila dizeli polepole. Ila baridi ikizidi vinalala, akasisitiza, kwa hiyo lundo lifunikwe muda wote.

Vijidudu vinavyoogopa baridi, Njombe, mwezi wa saba! Nilicheka.

Lakini nilinunua turubai zito, na kila Jumamosi naacha cherehani yangu Makambako nakuja kugeuza udongo. Wiki iliyopita niliingiza mkono ndani ya lundo nikakuta joto, kama paji la mtoto mwenye homa. Harufu nayo ilishaanza kupungua. Nilimwita mama aje ashike. Akashika, akaguna tu. Yeye anachotaka ni udongo urudishwe apande mwezi wa nane kama miaka yote, maana hana bonde lingine, na viazi vya kinyungu ndivyo vinavyomvusha hadi mahindi mapya. Mbegu zake zimeshachipua uvunguni mwa kitanda. Mimi namwomba asubiri udongo usafike. Tumebishana hilo mpaka nimechoka.

Leo nimefika, nimekuta lundo liko wazi. Umande umeganda juu yake. Nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko: baridi tupu.

Turubai liko msibani. Jirani wa ng'ambo ya mto amefiwa na mama yake, na mama yangu alilitoa siku ileile ya kwanza. Nikaenda kutoa pole, maana ningefanyaje? Nikakaa na wanawake wenzangu chini ya turubai langu mwenyewe, linanuka dizeli, mchungaji anapiga chafya katikati ya sala. Nani atasimama kudai turubai mbele ya wafiwa? Hata mimi sina uso huo.

Njiani kurudi nikamlipukia mama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, udongo haufi kwa baridi. Wale bibi wangekaa wapi na ukungu huu?"

Ana haki, na hilo limeniudhi kuliko yote. Ni kweli, vijidudu havijafa, vimelala. Ila kazi yangu yote imelala navyo, na mwezi wa nane hautusubiri.

Hayo ya mwezi wa nane sikumwambia. Jioni ameinama uvunguni, akatoa kapu la mbegu, akakaa karibu na moto akivunja machipukizi, kiazi kimoja baada ya kingine, halafu akavitia sufuriani. Akanipakulia sahani imejaa.

"Kula vikiwa vya moto."

Mbegu yote ya kinyungu. Nimemsihi mama yangu wiki nenda wiki rudi asipande, na sasa amekubali, natamani angeendelea kunibishia.

Nimekula. Vilikuwa vitamu.

Kesho msiba ukiisha nitalibeba turubai mwenyewe, hata kama linadondosha maji, nilifunike lile lundo upya. Udongo huu usipopona, nitakuwa nimekula kinyungu cha mama.