Fizikia Haijafutwa, Mwalimu

Mwalimu,

Mkuu wa shule alitaka kufuta fizikia. Nakuanzia hapo kwa sababu ndipo hasira yangu ilipo, na wewe hukuwa mtu wa kuzungushwa na salamu. Presha ilikuchukua wiki ile ya mvua, tukakuzika huku matope yakitufika kwenye vifundo vya miguu, na udongo wa kaburi haujakauka, Mkuu akaniita ofisini. Akasema, "Madamu, tusidanganyane. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia haina fizikia. Hawa wa kidato cha tatu wachukue historia, maisha yaendelee." Nikamjibu kwamba mwalimu yupo, yuko kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama ningependa kupumzika siku mbili tatu nyumbani kwetu Malambo.

Sikutaka kupumzika. Nilitaka kuvunja kitu.

Yeye haijui kazi ile kama ninavyoijua mimi. Hajawahi kukuona Jumamosi, umevaa koti lako la kijivu, unashuka Karatu kukaa kwenye kantini ya madereva wa watalii pale loji, kwa sababu rafiki yako dereva alikuombea ruhusa na intaneti ya wageni inafika mpaka hapo. Wageni wanatuma picha za tembo kwao, wewe unavuta video za fizikia. Kuna walimu huko duniani wanaofundisha bure, ulikuwa ukiniambia, wanaweka somo zima mtandaoni bila kumdai mtu kitu, na sisi huku tunagombania kitabu kimoja meza nzima. Uliona ni aibu. Si aibu yao, aibu yetu, ya kukaa tu wakati mali imewekwa barazani.

Na ulikuwa na adabu zako za kutafuta. Somo lilingane na muhtasari wetu, si wa nchi nyingine. Aliyelitengeneza ajulikane. Lisiwaombe watoto namba za simu wala chochote chao. Mfano wa mtu anayeteleza kwenye theluji ulikuwa unauacha, unaweka mkokoteni wa ngano unaoshuka mteremko wa Rhotia, na darasa zima linashika pumzi kwa sababu kila mmoja ana mjomba aliyewahi kukimbizwa na mkokoteni. Halafu, kwa vile Kiingereza cha video kilikuwa kinawapita watoto juu ya vichwa, ukawa unarekodi sauti yako juu yake, kwa Kiswahili, taratibu. Nilikuuliza unajitesa kwa nini. Ukasema, "Vidato ni vinne, koo langu ni moja."

Unakumbuka safari yako ya kwanza kabisa? Ulirudi unachekelea, flashi mfukoni, ukatukusanya walimu wote kama unafungua zawadi. Ukaichomeka. Kila faili ulilobonyeza likadai intaneti. Kumbe ulikuwa umenakili viungo tu, masomo yenyewe umeyaacha Karatu. Ulisafiri kwenye mvua umebeba anwani za nyumba, nyumba zenyewe hakuna. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikakutania kwamba nyie Wairaqw ndiyo maana ng'ombe wanawapotea, mnahesabu kengele mnasahau ng'ombe. Ukanijibu, "Ng'ombe wetu mnao nyie Wamasai, tangu enzi za babu yako, na siku utakayonirudishia ndiyo siku nitakayoacha kukukumbusha." Tangu hapo hukutoka Karatu bila kuzima intaneti na kufungua kila somo upya, moja moja, kuhakikisha limekuja lote.

Basi nikaingia darasani. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, mtu wa ngonjera na insha, nikawasha projekta ya sola mbele ya kidato cha tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa sauti yako. Ulianza kama ulivyoanza siku zote, ukataja jina lako, ukasema, "Karibuni, leo tunalo jambo." Lemayan, yule kijana wa kwetu Malambo anayekaa bwenini, akasimama, akachukua daftari lake, akatoka nje. Hakuwa na utovu wa nidhamu. Wengine wawili wakamfuata. Na mimi, Mwalimu, nywele zilinisimama.

Unajua mila yetu. Aliyekwenda hatajwi jina. Ukimtaja unamsumbua, na unawasumbua waliobaki. Mama yangu nilipompigia simu aliniambia, "Mwanangu, mwacheni. Mnamwita mtu kila siku asubuhi, atapumzika saa ngapi?" Nimesoma chuo, naenda kanisani, lakini mama yangu akisema jambo hilo kwa sauti ile, mimi ni mtoto wa boma tu. Ndiyo maana hata katika barua hii nakuita Mwalimu, na utanisamehe.

Habari zilifika kwa wazazi, zikiwa zimeongezwa chumvi njiani. Wamasai wanasema maiti inafundisha. Baadhi ya Wairaqw wakasema ni machukizo, tena kuna mzee wa kanisa aliyetaka shule iombewe. Mkuu akapata alichokuwa anakitafuta. Akaitisha kikao cha wazazi, na mapema tu akatangaza kwamba njia nyepesi ni kufuta zile rekodi zote, amani irudi. Na akaongeza kwamba isitoshe lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, kwa hiyo hata zingebaki zingekuwa na matatizo. Nikanyanyua mkono. Hakuniona. Nikasimama bila kuonwa.

Nilisema mengi, mengine nayajutia kidogo. Nilisema hatuwezi kumzika mtu mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza tuliona haitoshi. Nilisema mtoto anayeelewa kwa Kiswahili atajibu kwa Kiingereza, lakini asiyeelewa kwa lugha yoyote atajibu kwa nini? Walinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa. Ni mke wako aliyekibadilisha kikao. Mama Bura alikuwa amekaa nyuma na kanga yake nyeusi, hakuna aliyedhani angesema. Akasema, "Mume wangu hakurekodi ili akumbukwe. Alirekodi kwa sababu watoto walikuwa wengi. Watoto wamepungua? Kama hawajapungua, mnafuta nini?" Akakaa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, hadharani, na kamasi juu. Rekodi zikabaki.

Lakini Lemayan bado alikuwa nje ya mlango, na sikuwa tayari kumwambia mtoto kwamba mila ya baba yake ni takataka. Wewe usingemwambia hivyo. Nikamwita, tukakaa kwenye ngazi, nikamuuliza kwa Kimaa kinachomchoma hasa ni nini. Akafikiri sana. Akasema sauti anaweza kuivumilia, sauti ni kazi yako. Ni jina. "Anapojitaja, ticha, ni kama tumemwamsha." Nikaenda kwa Mama Bura kuomba ruhusa. Akasema kata, jina lake analo mwanawe Bura, halipotei. Nikajifunza kukata. Somo baada ya somo, nimeondoa ile sehemu unapojitaja, nikaacha "Karibuni, leo tunalo jambo." Iliniuma kila mara. Kila nilipobonyeza nilikuwa nakuomba radhi kwa sauti, na mlinzi akadhani nimeanza kuzungumza peke yangu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lemayan akarudi darasani, kwanza akakaa karibu na dirisha, baadaye akasogea.

Mkuu hakushindwa, alisogeza tu mpaka. Akaniambia: mtihani wa ujirani mwema unakuja, watoto wako watafanya pamoja na shule jirani zenye walimu wa kweli. Wakianguka, fizikia nafuta, na sitaki tena hotuba. Nikasema sawa. Moyoni nilisema maneno mengine.

Halafu sauti yako ikaisha.

Nilijua itaisha, ila sikuwa nimesikiliza mbele. Ulikuwa unafundisha joto, unaeleza kwa nini sufuria ya uji inashikwa kwa tambara, ukamaliza, ukasema, "Tukutane kwenye umeme." Basi. Hakuna umeme, Mwalimu. Nilitafuta kila folda. Watoto walikaa wakiangalia ukuta mweupe. Neema, yule binti wa pale kanisani anayetaka kuwa fundi wa umeme hata kama baba yake anataka awe nesi, akaniuliza kwa upole, "Madamu, na umeme uko kwenye mtihani?" Uko. Nilikukasirikia siku hiyo. Nakwambia ukweli. Nilikukasirikia kwa kufa katikati ya muhtasari, kwa kuficha maumivu ya kichwa, kwa kusema ni uchovu tu. Niliondoka darasani nikaenda kusimama nyuma ya jiko la shule mpaka hasira ikashuka.

Jumamosi nikashuka Karatu mwenyewe. Rafiki yako dereva aliponiona natokea kwenye geti la loji aligeuza uso, kisha akanivutia kiti. Nikaanza kutafuta. Kwanza nikapata takataka. Pana tovuti moja yenye rangi nzuri iliyotaka kila mwanafunzi aandike namba ya simu ya mzazi ndipo aone swali la kwanza, nikaifunga. Nyingine ilikuwa na maelezo ya kutosha lakini yamenakiliwa ovyo, mkondo umewekwa mahali pa volti. Mimi nitajuaje, mtu wa ngonjera? Nilijua kwa sababu nilikuwa na kitabu cha kiada pembeni, na sikukubali jambo mpaka nilione sehemu mbili zisizonakiliana. Kazi ya kuchosha. Wageni walikula chakula cha mchana wakaondoka kwenda kreta kutazama wanyama, mimi nipo. Mwishowe nikampata mama mmoja, sijui ni wa nchi gani, mwalimu tu mwenye meza ya mbao, anafundisha kwa betri za tochi, waya na balbu ndogo. Hakuna maabara. Hana mbwembwe. Vitu vyote alivyovishika vinapatikana mnadani kwetu. Nilipiga meza kwa furaha, madereva wakageuka. Nikapakua yote, nikazima intaneti, nikafungua tena moja moja.

Kisha nikarekodi. Neema na Lemayan walikuwa wasikilizaji wangu wa kwanza, na hawakunihurumia. "Madamu, umeruka ukinzani." "Ticha, hapo umesema kinyume." Nikarekodi upya mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Darasa lilipoisikia walicheka, kwa sababu nasoma fizikia kama ninaghani, ati naipandisha sauti kila mwisho wa sentensi. Wacheke. Siku ile tuliunganisha betri na waya juu ya madawati, na balbu ya kwanza ilipowaka walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini. Kuna umeme, nikamwambia.

Matokeo hayakuwa muujiza, nisikudanganye. Kuna walioanguka, na najua kwa nini, ni pale ambapo mimi mwenyewe sikuelewa vizuri. Lakini wengi walisimama, na Neema aliwapita watoto wa shule zenye walimu wa kweli, wewe ungeruka. Mkuu alisoma karatasi, akairudia, akavua miwani. "Haya. Waendelee," alisema. Hakuniomba radhi wala sikuhitaji. Aliongeza kwamba ameomba mwalimu wa fizikia tena na hajui lini atapatikana.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye ubao wa ratiba, ule mkubwa wa ofisi ya walimu. Tangu uondoke, kila kipindi cha fizikia palikuwa na nafasi tupu, hakuna aliyetaka kuigusa, tulikuwa tunaipita kwa macho. Walimu walikuwa wanakunywa chai. Nikachukua chaki nikaandika jina langu, Naserian, kwenye kila nafasi, kidato kwa kidato, kwa herufi kubwa. Mwalimu wa historia akasema, "Madamu, hiyo si fani yako." Nikasema najua.

Nimekukumbuka leo kuliko siku zote. Pumzika sasa, usisikilize kelele zetu. Nakuahidi hivi: siku atakapokuja mwenye fani yake, nitamkabidhi masomo yote, yako na yangu, na jina langu nitalifuta mwenyewe, kwa furaha. Kabla ya siku hiyo, anayetaka kulifuta atanikuta nimesimama mbele ya huo ubao.

Olesere, kwaheri, Mwalimu.

Mwenzako,
Naserian