Wanasema Sina Kitu

Jumatatu, 19 Mei 2025

Jina langu limebandikwa ubaoni: mita 1500, timu ya mkoa. Bweni zima limenipigia vigelegele. Nami nikacheka — meno tu. Wiki ya tatu sasa usingizi hauji. Chakula hakishuki. Nikivaa raba za mazoezi, machozi yananitoka, na sijui nalia nini.

Timu inaondoka Jumamosi. Lazima niseme kabla. Niseme nini sasa?

Jumatano, 21 Mei

Matroni wetu, Mama Salome, ameniita. Kasikia sili. Hakuuliza hata swali, kanitoboa kidole, kanipa na kikopo nikakojoe. Msichana hali, analia chooni — wote wanawaza mimba! Nimekaa kwenye benchi na aibu yangu karibu nusu saa.

Akatoka anatabasamu. Akamwambia Mwalimu Lugano wa michezo kuwa niko safi, malaria nayo hakuna, sina kitu. Mwalimu akashusha pumzi. Basi nikaze mazoezi, akasema.

Sina kitu. Kweli sina. Hata hamu ya kukimbia sina.

Alhamisi, 22 Mei

Leo nimewaza Muze, kijijini kwetu, siku nzima. Nilikuwa nampelekea baba uji shambani, nakimbia kwenye kingo za majaruba ya mpunga, nusu ya uji inamwagika njiani, naye anacheka badala ya kugomba. Hakuna saa, hakuna filimbi. Mungu wangu, nina hamu na yule mtoto niliyekuwa! Hata nyumbani sina hamu napo kiasi hiki.

Jioni mama kapiga kwa simu ya matroni. Anasema jumuiya nzima inaniombea ushindi. Nikamjibu niko salama. Nikakata haraka.

Ijumaa, 23 Mei

Nimesimama. Mzunguko wa tatu, nikiwa mbele ya wote, nikatoka uwanjani nikakaa kwenye nyasi. Mwalimu Lugano kaja mbio na dawa ya kupuliza. Panauma wapi? Nikaonyesha goti, maana lazima pawe mahali. Akapuliza. Halafu akanitazama sana, akauliza kama kuna pengine.

Nikaomba nikachukue sweta bwenini. Akasema sawa, atanisubiri.

Sweta nimeshavaa. Naandika tu hapa kitandani. Nimechungulia dirishani — bado kasimama pale bombani, mikono mfukoni, na upepo wote huu.