Kunyakuliwa kwa Don Macario

El Zapotal, Honduras
14 Oktoba 1986

Mwanangu Nahún,

Mungu akubariki na akulinde huko San Pedro Sula. Hujambo? Kazi ya kuoka mikate inaendaje, na kile kikohozi kimepona? Mimi mzima wa mwili, ila nina habari kubwa.

Kaa chini kwanza. Baba yako amenyakuliwa.

Najua utacheka, maana tangu uache kanisa wewe kila kitu unacheka. Lakini nisikilize. Jumamosi baada ya kunywa kahawa alikwenda kupalilia mibuni kule juu, karibu na korongo. Mchana hakuja kula, nikamfuata na tortilla zake na maharage. Nikakuta viatu vyake vimesimama katikati ya njia. Juu ya viatu suruali, kisha shati, kofia, panga pembeni. Mwenye nguo hayupo. Nahún, ni vilevile kama ndugu mchungaji Heriberto anavyotufundisha siku zote, kwamba mwili unapaa na nguo zinabaki! Nilianguka palepale nikalia, nusu furaha nusu hofu. Furaha kwa ajili yake. Hofu kwa sababu mimi nimeachwa. Miaka yote hiyo tumepiga magoti pamoja, mimi nimekosa nini?

Jirani yetu Doña Tencha, Mkatoliki yule, hana haya. Alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kumbe Mungu kamchukua Macario akamwacha mchungaji? Basi hata mimi nina nafasi!" Mchungaji alinuna kweli. Lakini ametueleza kwamba Macario ni limbuko, sisi wengine tutafuata karibuni. Tumefunga kula. Kanisa limejaa mpaka nje, hata walevi wa njia panda wametubu.

Na ananiita, mwanangu. Jana na leo asubuhi, nikichota maji kwenye chemchemi nyuma ya nyumba, nimemsikia kabisa: "Lala! Lala!" Sauti nyembamba, ya mbali, kama inatoka mawinguni. Nani mwingine hulifupisha jina langu Eulalia akaniita Lala? Nilipiga magoti kwenye tope nikamjibu kwa wimbo, ubeti baada ya ubeti, ajue kwamba niko tayari.

Tubu, Nahún. Usije ukabaki peke yako. Barua hii nampa dereva wa basi akuletee mkononi.

Mama yako,
Eulalia


San Pedro Sula
15 Oktoba 1986

Mama, naomba baraka yako.

Nisamehe, leo sikuulizi habari za afya. Baba hajapaa. Baba yuko korongoni.

Pasaka nilipokuja nilimkuta uani anavua nguo. Akaniambia anakwenda kuogelea mtoni na Lino kaka yake. Mama, baba mkubwa Lino alikufa kabla sijazaliwa! Nilikwambia, ukasema ni uzee tu, nisimwaibishe. Akili ilikuwa inampotea. Jumamosi amevua nguo akidhani yuko mtoni kwao, akatembea hivyo hivyo, akaanguka. Hiyo sauti si ya mbinguni. Anakuita ukamtoe.

Usimalize hata kusoma. Chukua kamba, mwite Doña Tencha na mumewe Chema, shukeni sasa hivi. Ningekuja mwenyewe, lakini kile kikohozi kimenilaza hospitali, nikisimama naanguka. Dereva ameniapia barua utaipata kesho asubuhi.

Mama, nakusihi.

Mwanao,
Nahún


El Zapotal
17 Oktoba 1986

Mwanangu Nahún,

Mungu akubariki na akuponye. Mbona hukuniambia umelazwa? Unakula? Wanakupa nini hapo? Usiku kucha nimekuwaza.

Barua yako niliipata jana. Nilichukua kamba, Nahún, nilitoka nayo kabisa. Lakini sikuwahi kufanya jambo kubwa bila kumwuliza mchungaji, nikapita kanisani. Akasoma maneno yako mbele ya wote. Kisha akafungua habari za Eliya, jinsi wale watu hamsini walivyomtafuta siku tatu milimani na mabondeni wasimwone, na Elisha akawaambia, si niliwaambia msiende? Kumtafuta aliyepaa ni kumwita Mungu mwongo, ndivyo alivyosema. Wote wakanigeukia. Yule Rigo aliyekuwa akimpiga mkewe, aliyeacha pombe juzi tu, alinitazama kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa sahani. Ningewaambia nini watu wale? Nikaenda nyumbani nikaitundika kamba mahali pake.

Usinikasirikie. Na hata hivyo ile sauti imenyamaza, tangu juzi sijaisikia. Mchungaji anasema ni kwa sababu nimeingiwa na shaka. Niombee isikike tena.

Mama yako,
Eulalia


San Pedro Sula
18 Oktoba 1986

Mama,

Nenda. Usimwulize mtu yeyote. Sina la kuongeza.

Nahún


El Zapotal
2 Novemba 1986

Mwanangu Nahún,

Mungu akubariki. Dereva ameniambia umetoka hospitali, nimeshukuru sana. Amesema pia kwamba umekonda. Barua zako mbili za baadaye nimezipata. Sikujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Siku ile niliposoma neno lako "Nenda", tulikwenda watatu, mimi, Doña Tencha na Chema. Hakuwa mbali, korongo si linapinda mpaka nyuma ya nyumba yetu. Ukisimama pale chemchemi ukatupa jiwe, linamfikia. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye mwamba, mguu umevunjika. Doña Tencha alivua shali yake akamfunika kabla Chema hajasogea. Siku hiyo hakutania.

Chema alimgusa akasema hajafa siku nyingi. Nikamwuliza tangu lini, akageuza uso. Sikumlazimisha. Alikuwa na maji ya mvua pale alipoketi, Nahún, angeweza kungoja. Na alinisikia nikiimba, lazima alinisikia.

Mchungaji alikuja mazikoni akasema Mungu huwachukua watu wake kwa njia nyingi. Nilimwambia, "Ndugu mchungaji, kamba nilikuwa nayo mkononi." Wala simlaumu yeye peke yake, maana aliyeitundika ni mimi. Rigo amerudia pombe.

Leo Wakatoliki wanapeleka maua kwa wafu wao. Sisi hatufanyi hivyo, unajua. Doña Tencha amepeleka ya baba yako bila kuniuliza, na mimi nimemwacha.

Unaniuliza kama bado naamini kwamba Bwana anarudi. Naamini, mwanangu, kuliko zamani. Tarumbeta italia, makaburi yatafunguka, na Macario atasimama mbele yangu, mzima wa akili na wa miguu. Hata hatatazama mawinguni. Ataniuliza kwa nini sikuja. Zamani niliomba Bwana aje upesi. Siku hizi wenzangu wakiomba hivyo, mimi nafumba macho nao, na moyoni namwomba achelewe.

Mama yako,
Eulalia