Kosa Lako Lilikuwa Kutokuumwa

Mama yangu,

Kwa heshima zote nautangazia ukoo mzima, kuanzia Butiama hadi Nyamuswa, kwamba kigoda chako kimepatikana. Miaka yote kilikuwa kinazuia mlango wa banda la mbuzi. Nimekikalia kukuandikia, maana nina hasira na sina kingine kilichokuwa chako.

Unakumbuka tuliposimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani Bunda, sabuni ilipokuwa inatafutwa kama dawa? Ulibeba ndoo ya furu, na chini yake mche wa sabuni ya magendo. Mgambo akachomoa samaki mmoja mmoja.

"Mama, hii nini?"

"Mwanangu, na samaki nao wanaogaga."

Akacheka, akakata nusu, akatia mfukoni. Nusu iliyobaki ndiyo uliyooshea kidonda cha titi la Bibi, aliyekosa mtoto wa kiume akakutolea ng'ombe, akakuoa wewe mwanamke mwenzake umzalie mrithi wa jina la nyumba yake. Hukuwa na tone la damu yake. Ulimwosha mpaka mwisho, kisha ukawaosha binti zake wawili, ugonjwa uleule.

Shukrani ya ukoo ikawa swali: "Wenzio wote wanaumwa, mbona wewe huumwagi?" Wakakufukuza kwa uchawi, ukafia Suguti. Mimi nikabaki, maana mtoto ni wa waliotoa ng'ombe.

Sasa biashara imeachiwa huru. Musoma mitumba imejaa, na vitabu vya Kizungu wanafungia karanga. Niliwahi kimoja hakijachanwa, nikakisoma mwaka mzima kwa kamusi. Kumbe hata mwilini kuna kizuizi! Ipo jeni ambayo kazi yake ni ya askari: seli iliyoharibika inaisimamisha isizaane mpaka itengenezwe, ikishindikana, ife. Kuna ukoo unaorithishana jeni hiyo ikiwa mbovu. Askari kalala, seli mbovu zinapita, zinakuwa saratani. Inatembea kwa damu, Mama! Walichokuita ushahidi wa uchawi wako ndicho kilichokusafisha.

Jumapili niliwasomea kikaoni, nikadai jina lako litakaswe mbele ya watu. Walisikiliza vizuri, hakuna aliyesinzia. Babu mwenye kikao akakohoa.

"Mjukuu wangu, kweli umesoma. Askari alilala, tumekubali. Sasa tuambie, nani alimlaza?"

Wote wakaguna, wakanitazama kwa huruma.

Pumzika, Mama. Nitawasomea tena, na tena. Naishia hapa: wamekuja kuchukua kigoda, mbuzi wametoka.

Mwanao