Masaa Niliyoyaandika Bure

Morogoro, chuoni
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua imefika huko nyumbani Maretadu, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima. Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe, taratibu, bila kumsubiri mtu.

Mama, kuna jambo nilikuficha. Muhula uliopita nilifeli somo la mwili wa binadamu. Nikaambiwa nitarudia mtihani, na nikifeli tena, uuguzi ndio basi. Siku ile uliponipigia simu ukauliza masomo yanaendaje, nilijibu "Vizuri," kisha nikasingizia mtandao, nikakata.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa mvivu. Asubuhi niko darasani, mchana wodini kwa mafunzo, jioni natoa kopi kwenye steshenari iliyo karibu na chuo. Ili nisipotee nilichora ratiba nikaibandika ukutani: kijani kusoma, njano wodi, nyekundu kazi. Kila nikishika kitabu niliweka simu ihesabu dakika, halafu nikaandika kwenye daftari: leo masaa matatu, leo manne. Nilipenda kuona namba zikipanda. Hata siku niliyosinzia juu ya kitabu niliihesabu.

Ninakaa chumba kimoja na Rehema, binti wa mfanyabiashara wa Katesh. Siku ya majibu yale ya kufeli alichukua lile daftari, akalipekua.

"Paulina, hapa umeandika masaa manne. Ulisoma nini?"

"Moyo."

"Haya, nieleze moyo unavyofanya kazi."

Nilijua ukurasa, nilijua hata picha imekaa upande gani. Lakini damu inaingilia wapi na kutokea wapi, sikujua.

Hapo nikakukumbuka. Nilikuona umekaa mlangoni na ungo wa maharage, ukungu umeshuka hadi zizini, mimi nimetoka shule sweta limelowa. "Funga daftari," ulikuwa ukisema. "Niambie mwalimu kafundisha nini." Nikieleza ovyo, ulisema, "Sijaelewa, rudia." Nilikasirika sana, Mama, maana nilidhani unanichunguza. Sasa ndipo najiuliza: wewe uliyeachishwa shule darasa la nne ili uchunge ng'ombe, labda ulitaka tu kujua.

Nikaibandua ratiba. Nikabakiza vipindi viwili vifupi kwa siku, na masaa nikaacha kuyaandika. Niliandika tu kile nilichoweza kumweleza Rehema kitabu kikiwa kimefungwa. Naye ni mkali kukushinda wewe! Kuna siku niliandika mstari mmoja tu, nikaona aibu, ila ulikuwa wa kweli.

Juzi majibu ya mtihani wa kurudia yalitoka. Nimefaulu, Mama. Rehema alipiga kelele mpaka wenzetu wakatoka vyumbani. Mimi nilienda nyuma ya bweni nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka kumwambia kwanza ndiye niliyemdanganya. Nisamehe.

Baba msalimie sana. Habari ya kufeli nitamweleza mwenyewe. Nisalimie bibi, umwambie nakumbuka maziwa yake ya mgando, huku siyapati. Msalimie na kaka Tluway na shemeji, na mama mwalimu wa kwaya.

Wiki ijayo naanza wodi ya wazazi. Waliotutangulia wanasema mama wa kwanza unayemhudumia humsahau maisha yako yote. Naogopa, na naomba uniombee mikono isitetemeke. Tena nina swali, tangu juzi linanizunguka: siku uliyonizaa mimi, nani alikushika mkono? Hujawahi kunisimulia. Niandikie, Mama, hata kama ni mistari miwili.

Ni mimi binti yako,
Paulina