Viatu vya Mwalimu Habibur

Al Mansoura, Doha

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo, na mama mwambie namwamkia. Natumai goti lake limepungua kuvimba, na kwamba paa la chumba cha nyuma halivuji tena. Mimi ni mzima. Joto limeanza, kazi ipo. Leo nakuandikia habari za mtaani, na mwisho nitakuomba jambo.

Chini ya ninapokaa pana duka la ushonaji. Mafundi ni wawili, meza ya kukatia moja, mwaka wa kumi na nne sasa. Anwar ni Mpakistani wa Karachi, lakini alizaliwa Dhaka, wakati Bangladesh ilikuwa bado sehemu ya Pakistani. Nurul ni Mbengali wa Dhaka hiyo hiyo. Nchi ilipogawanyika kwa vita mwaka 1971, familia ya Anwar ilikimbia. Ya Nurul ilibaki, bila mjomba mmoja aliyechukuliwa na askari. Mambo hayo hawayagusi. Wanagombania redio tu.

Anwar huandika hadithi kwa Kiurdu. Yeye na wenzake wana baraza kila mwezi, katika ukumbi nyuma ya mgahawa. Wanaandika sana juu ya kugawanyika, kule kwa India mwaka 1947 na huku kwa Pakistani baadaye: treni, funguo, nyumba zilizoachwa. Katika nyingi nilizozisikia pale, msimulizi ndiye aliyepoteza. Desturi yao ni hii: ukishasoma, hufungui mdomo. Wanakuchambua mbele yako, nawe unasikiliza mpaka mwisho. Hadithi ikipita, inaingia katika kitabu chao cha mwaka. Anwar hajawahi kuchapishwa hata mara moja.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake. Nurul alikaa ubavuni kwangu akinitafsiria sikioni, kwa Kiarabu chetu cha dukani. Nyumba ya Dhaka, geti la kijani, kuku. Jirani, mwalimu wa shule. "Asubuhi moja mwalimu alikuwa amehama. Viatu vyake vilibaki mlangoni." Hapo Nurul akanyamaza. Nimefanya kazi na wakalimani miaka ishirini. Mkalimani akinyamaza hivyo, humgusi.

Hadithi ilisifiwa. Mwenyekiti alisema sentensi ya viatu ndiyo iliyoibeba, na kwamba itaingia kitabuni. Nurul akanyoosha mkono.

"Wewe si mwanachama," mwenyekiti alimwambia.

"Mimi fundi tu, nauliza la kifundi. Ndugu Anwar, mtu anahamaje bila viatu?"

Mmoja alicheka, kisha akaacha. Anwar hakutakiwa kujibu, desturi ilikuwa inamlinda. Alizikunja karatasi zake, akazikunjua.

"Hakuhama," alisema. "Askari walimchukua. Baba yangu ndiye aliyewaonyesha mlango."

Yote yaliyosemwa pale Anwar mwenyewe alinisimulia baadaye, mbele ya Nurul, na Nurul hakuyasahihisha.

Mwenyekiti aligonga meza. "Umevunja utaratibu. Tutaichapisha kama ulivyoisoma, haya ya sasa hatujayasikia."

"Basi isichapishwe," Anwar alisema.

Nurul alitoka bila kuaga. Kesho yake sikutegemea kumwona dukani. Alikuja, hakusalimia, akakata kanzu mbili. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Jina lake?"

"Habibur. Mwalimu Habibur."

"Liandike."

Anwar aliliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa hadithi yake. Tangu hapo wanasemezana vipimo tu, mabega, urefu wa mkono. Redio imezimwa. Sijui kama meza ile itadumu.

Sasa ombi langu. Lile dele la shaba ambalo mama hupikia kahawa ya Idi. Tangu tuko wadogo anatuambia ni la majirani waliohama wakati wa Mapinduzi, wakatuachia. Mimi nimekuwa mwandishi wa habari maisha yangu yote na sijamuuliza hata swali moja. Kaa naye siku akiwa na nafasi, muulize walihama vipi. Asipotaka kusema, usimlazimishe, ila niandikie kwamba hakutaka.

Msalimie shemeji, mwambie miwani yake nimeipata. Msalimie shangazi wa Kiponda na binti yake aliyejifungua. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu kabla hujamuuliza.

Na akikutajia jina, hata moja, liandike juu kabisa ya barua yako, kabla ya salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Suleiman