Supu ya Njegere Uliyonilisha Leiden

Kwa Salimu, Lukozi,
S.L.P. 41,
Lushoto.
24 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Amiri,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu niliporudi, lakini mimi ni dada yako na shikamoo yangu iko palepale, kwa hiyo naipokea hata kama hukuituma. Habari za huko? Habari za kazi na za baridi? Kile kifua chako kimepoa? Nauliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, siyo kwa sababu moyo wangu umetulia.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Salimu anakohoa kidogo, na mvua za vuli zimeharibu njia, magari ya kabichi yanakwama hadi mboga zinaoza. Zakia mwanao ni mzima. Meno ya mbele yameota, darasa la kwanza analipenda, na kila akiamka ananiuliza anakwenda lini kwa baba. Hilo ndilo lililonikalisha chini nikuandikie.

Umepiga simu, nimekata. Umetuma sauti, sijazisikiliza. Usimtume Salimu anibembeleze, nimeshamkatalia. Kwenye simu ungeanza na "dada, nisikilize kwanza", na mimi ukiniita dada huwa nalainika. Karatasi hutaikatiza. Soma mpaka mwisho.

Uliniita nije huko Leiden nione mahali atakapoishi mtoto, nikaja kwa moyo mweupe. Nani atasema nilikuja na kisirani? Siku ile ya sherehe ya mji uliponipa samaki mbichi na vitunguu, watu wazima wameinua vichwa barabarani wanamteremsha kooni kwa kumshika mkia, nilisema Bismillahi nikamla. Mtamu, sikatai. Nikala na yale madude ya kukaanga yanayouzwa ukutani, unafungua kamlango kadogo kama unachukua barua posta. Moja likaniunguza ulimi, tukacheka mpaka watu wakageuka.

Ukanipikia na kile chakula chao cha viazi, karoti na vitunguu, vyote vimepondwa pamoja. Nilikwambia viazi vyao vina maji, vya Lukozi vingekaa vizuri zaidi, lakini nyama yake iliiva ikawa inachambuka yenyewe. Nyama ile ulikwenda kuinunua bucha la Waislamu nikiwa nawe, ukanionyesha. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mdogo wangu hajapotea, mtoto atakula vizuri.

Ndipo bosi wako na mkewe wakatualika kwenye ile hoteli ya kando ya mfereji. Nilivaa kanga yangu mpya nikakaa nilivyofundishwa. Mkewe akaagiza mwenyewe, ili mgeni aonje chakula cha kwao, ikaja supu ya njegere nzito, kijiko kinasimama, na vipande vya soseji juu. Njegere, Amiri! Zao langu mwenyewe, ninalolipalilia kwa mikono hii. Nilifurahi nikataka kuwaambia jinsi tunavyozipika huku.

Nikakuuliza kwa Kishambaa, taratibu, ili wenyeji wasijisikie vibaya, soseji hizi ni za nyama gani. Ukanijibu, "Kula tu dada, ni njegere." Nikasubiri. Unajua nilikuwa nasubiri nini. Mama hakuwahi kumpa mgeni sahani bila kumega tonge akalitia mdomoni mwake kwanza, mgeni akiona. Nilisubiri uonje wewe, uliyenileta. Badala yake bosi wako akachota kijiko, akala, akanitikisia kichwa kwa furaha. Nikasema basi, mwenye karamu ameonja, maneno yamekwisha. Nikala.

Nikaongezwa, nikala tena. Wewe ulikuwa unamega mkate na jibini. Hata nikakutania kwamba Ulaya imekuharibia tumbo, huwezi tena kula kama Mshambaa. Ukacheka.

Siku iliyofuata nilikwenda sokoni na yule mama Mmoroko wa ghorofa ya chini. Kiingereza changu cha shule kilitosha kumsifia ile supu. Akaniuliza soseji zilikuwaje, nikamweleza. Akaweka kikapu chini, akanishika mkono, akaniambia kwamba kwenye hoteli za kawaida supu ile hupikwa na nguruwe, labda uombe nyingine. Nilitapika palepale kando ya mfereji, watu wakipita na baiskeli zao. Yule mama alinifuta mdomo kwa ushungi wake, mtu asiyenijua ukoo wala kijiji.

Nilipokuuliza nyumbani hukukana. Ukasema ulishindwa, yule ni bosi wako, na mkewe aliagiza kwa heshima. Ulishindwa nini? Ulitakiwa useme sentensi moja tu! Yule mke wa bosi wako alikuwa ananiuliza kila mara kama chakula kimenipendeza. Angejua, angeliondoa lile bakuli kwa mikono yake na kuniomba radhi. Wao siwalaumu hata kidogo.

Ungekuwa hukujua, nisingekuwa na neno. Ungekuwa umekula na wewe, ningesema tumeteleza wote, tukatubu wote. Lakini wewe ulijua kilichomo, ukajilinda kwa kipande cha mkate, ukanitazama naomba kuongezwa. Hapo ndipo ninapokuchukia, Amiri, na ninaandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu. Uliwaonea haya watu wa kazini, hukunionea haya mimi niliyekubeba mgongoni kwenda kliniki.

Nimemuuliza shehe. Amesema mimi sina dhambi, kwa kuwa sikujua. Habari zako sikumuuliza, nitakuachia umuulize mwenyewe.

Sasa tuje kwa Zakia. Tangu mama yake atutoke, mtoto huyu hatii kitu mdomoni kabla ya kunitazama usoni. Nikiitikia kwa kichwa, anakula. Huko atamtazama nani? Atakutazama wewe. Na siku ukiwa na wageni wakubwa mezani, utamwambia nini? Kula tu mwanangu, ni njegere?

Basi sikiliza. Zakia haji Desemba. Pasipoti yake iko kwenye sanduku langu na ufunguo ninatembea nao. Baba mdogo Twaha ananiuliza kwa nini tunachelewa, nimemwambia tunangoja shule zifunge. Sijamwambia ulichofanya, wala Salimu hajui yote. Naona aibu kwa niaba yako, na inanichosha.

Nenda kwa bosi wako na mkewe. Wasalimie, waambie dada yako anawashukuru kwa ukarimu wao. Halafu waambie kwa mdomo wako kwamba dada yako hali nguruwe, kwamba ulijua, na kwamba ulinyamaza. Usiniambie ni jambo dogo la kuwasumbua nalo. Kama ni dogo, litakushinda nini? Ukishasema, panda ndege uje. Usitume mtu, usitume zawadi.

Msalimie sana yule mama Mmoroko. Mwambie mbegu za mchicha nilizomwahidi ninazo, atazipata. Huku wanakusalimia Salimu, baba mdogo Twaha, na jirani yetu Raheli, ambaye Krismasi hii kama kawaida atamwita Salimu amchinjie kuku ili na sisi tule kwake. Hajawahi kuambiwa afanye hivyo. Zakia amekuchorea nyumba yenye baiskeli mlangoni, nimeiweka humu.

Mwenyezi Mungu akulinde na baridi, na akupe ulimi wa kusema mbele za watu. Ukifika nitakupikia bada la muhogo na mboga ya mshunga. Nitamega tonge la kwanza, nitakula ukiniona, halafu nitakusogezea sahani wewe. Zakia atakuwa amekaa katikati yetu. Sahani yake utaionja wewe, mbele yangu, na nikiona amekutazama usoni akala, nitafungua sanduku.

Ni mimi, ninayekupenda hata katika hasira hii, niliyekuonjea uji kabla hujaota meno,

Dada yako,
Saumu